Baridi ya Kwendea Kizimkazi

Barua ya mwanangu Sichana ilinifikia siku ya Alkhamisi, mwezi wa pili wa mwaka hamsini na tisa. Nilikuwa barazani kwangu natunga asumini za bibi harusi wa Kikwajuni. Niliisoma polepole kama ninavyosoma kila kitu, kidole chini ya mstari. Aliandika kwamba Bi Mwatum, mkunga wao kule Kizimkazi, amemlaza kitandani tangu mimba ilipotimiza miezi sita, na amemkataza hata kwenda kisimani. Safari ya mjini ndiyo kabisa. Akitikiswa, alisema Bi Mwatum, na hii nayo itaharibika. Mwisho wa barua Sichana aliandika: "Mama, najua huwezi kuja. Nakwambia tu kwamba nakutaka."

Sichana alikuwa ameshazika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa hana pumzi. Wa pili aliishi siku nne. Mara zote mbili mimi sikuwapo. Kwetu mwanamke huja kuzaa kwa mama yake, akakaa mpaka arubaini itimie, na kama yeye hawezi kuja basi mama humfuata. Sichana alikatazwa kuja, na mimi kwenda kulinishinda.

Nina pumu tangu utoto. Maua hayanidhuru, wala baridi. Moshi na vumbi ndivyo vinavyonifunga kifua. Barabara ya kusini siku zile ilikuwa ya kifusi cheupe, na katika jua la kaskazi kila gari liliacha nyuma yake wingu lililokaa hewani mpaka gari jengine lije. Mwaka uliotangulia, nilipoletewa habari kwamba mtoto wa pili kazaliwa, nilipanda basi. Niliishia Tunguu. Dereva alisimamisha basi zima kwa ajili yangu, abiria wakanishusha taratibu kama kapu la mayai, na mwenye duka mmoja, ambaye jina lake sikuwahi kulijua, akawaondoa watu barazani kwake ili nipate hewa. Alikaa na mimi akinipepea kwa ungo mpaka lilipopita gari la kurudi mjini. Siku ya tatu yake nikaambiwa mtoto amefariki. Sichana hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa bahari nako nilikwisha jaribu nilipokuwa kijana. Upepo na maji ya chumvi vilinibana kabla hatujaipita Chukwani.

Basi nikamaliza kutunga asumini, kwa sababu harusi ya watu haingoji, nikavaa buibui langu nikaenda Mlandege kwa Bwana Mabrouk.

Bwana Mabrouk alikuwa na duka la vitambaa, na alikuwa na gari. Lilikuwa gari la Kimarekani, refu, rangi ya maziwa, alilolinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndani ya buti lake mlikuwa na mashine ya baridi. Mirija miwili inayopenyesha mwanga kama kioo ilitoka kwenye kibao cha nyuma ya kiti ikapanda mpaka juu, na baridi ilipita humo ikawashukia walioketi. Mjini sikuona gari la pili la namna ile. Watu waliliazima kwa harusi zao, kwa sababu bibi harusi alikaa ndani vioo vimefungwa na mapazia yameshushwa, wala wanja wake hauchuruziki. Aliyekuwa akilipamba gari hilo kila harusi ni mimi.

Lakini baridi yake ilikufa mwaka hamsini na saba. Mafundi wawili walitia gesi kwa nyakati mbili, ikarudi kwa siku chache, ikafa tena. Bwana Mabrouk akakata tamaa, na gari likawa linatembea vioo wazi kama mengine yote.

Nilimweleza habari ya Sichana. Nikamwambia kuwa gari linalofungwa vioo ndilo pekee ambalo vumbi haliingii, na kwamba gari likifungwa vioo katika jua lile bila baridi, mtu hafiki Kitogani na fahamu zake.

"Gari lichukue, Bi Biasha," akasema. "Lakini hiyo baridi ni maiti, na maiti hafufuliwi."

"Sikuja kukuomba maiti. Nnakuomba ruhusa ya kulifungua."

Alicheka, akanipa ufunguo kabla chai yangu haijapoa. Binti zake watano wote niliwapamba mimi. Nadhani alilikumbuka hilo, ingawa hakulitaja.

Fundi nilishampata akilini mwangu. Alikuwa Ame, mtu wa Makunduchi, aliyefanya kazi miaka minane kwenye vyumba vya baridi vya meli, na sasa anatengeneza mafriji katika kibanda nyuma ya Darajani. Nilimkuta ameinama juu ya chuma.

"Shikamoo, Bi Biasha. Friji limeharibika?"

"Marahaba, mwanangu. Lipo friji lina magurudumu manne."

Aliponisikia mpaka mwisho hakunipa ahadi yoyote. Alisema mashine ile ni ndugu wa friji lakini ni ndugu mwenye tabia mbaya, maana friji hukaa pale lilipo na hii hutikiswa mchana kutwa. Alisema nirudi wiki ijayo. Nikamwambia mimi sirudi popote, nakaa hapa hapa mpaka alifungue. Alinitazama, akatoa kiti chake, nacho kilikuwa kimoja tu, akakipangusa. Kisha, kabla hajashika tupa kumaliza kazi yake ya chuma, alikihamisha kiti na mimi niko juu yake, akakiweka upande unaotoka upepo ili unga wa chuma usinifikie. Hakuna aliyemwambia. Hapo nikajua nimepata fundi.

Siku ya pili alilifungua gari. Gesi ilikuwa imekwisha yote. Kazi ya kwanza, alisema, ni kujua inapotokea, maana kutia gesi kwenye mirija inayovuja ni kumwaga maji kwenye pakacha. Aliazima chupa ya gesi ya kutilia soda, akaisukuma ndani ya mirija mpaka ikajaa kwa nguvu. Akaniomba sabuni. Nilikoroga povu zito kwenye bakuli, na yeye akalipaka kwa unyoya wa kuku kwenye kila kiungo, mimi nikifuata nyuma yake natazama. Macho yangu ya karibu yalikuwa mazuri bado, kwa kazi ya kutunga maua. Kwenye shingo ya pampu, pale chuma kinachozunguka kinapotoka nje, niliviona vipovu vidogo vikitoka na kupasuka, kama mate ya mtoto mchanga.

"Hapa," nikamwambia.

Ame aliinama akatazama muda mrefu. "Hapa," akakubali.

Ndani ya shingo ile mlikuwa na pete ya chuma iliyokwaruzika mstari mwembamba kuliko unywele. Pete nyengine Unguja haikuwapo. Ame aliweka kipande cha kioo juu ya meza, akapaka dawa ya kusugulia, akaanza kuizungusha ile pete juu yake kwa ncha za vidole. Aliisugua siku mbili. Wateja walikuja wakamwambia mafriji yao yanaozesha samaki, akawajibu kwa mzaha kuwa samaki alikuwapo duniani kabla ya friji, wala mkono wake haukusimama.

Gesi ndiyo iliyokuwa tabu kubwa. Mtungi ulipatikana Mombasa tu. Bwana Mabrouk alipopita kututazama alisema kwa nini tusitie ile gesi ya kiwanda cha barafu, ambayo nayo inagandisha maji, na ipo hapa hapa mjini.

"Ile ni amonia, Bwana Mabrouk," Ame alimjibu. "Mirija hii ni ya shaba, na amonia huila shaba. Ikitoboa njiani itatokea mle mle anamovuta pumzi Bi Biasha."

Alasiri ile ile Bwana Mabrouk alikwenda mwenyewe posta kupeleka simu ya maandishi kwa jamaa yake wa Mombasa. Mtungi ulikuja na meli siku ya saba. Ulikuwa mdogo, na jamaa alituma salamu kwamba huo ndio uliopatikana, mwengine usitazamiwe kabla ya miezi miwili.

Katika siku hizo saba nilipata salamu nyengine kutoka Kizimkazi. Miguu ya Sichana ilikuwa inavimba. Bi Mwatum alisema mtoto ameanza kushuka mapema.

Siku ya kutia gesi Ame alifika kwangu asubuhi na mapema akalisimamisha gari mbele ya mlango, maana nilimwambia maji ya moto nitachemsha mimi. Alichukua pampu ya friji la zamani akaigeuza kazi yake, ikawa inafyonza hewa kutoka kwenye mirija. Iliunguruma tangu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Hewa ikibaki ndani, alinieleza, hubaki na unyevu wake, na unyevu huganda ukaziba tundu dogo la mashine. Kisha akaufunga mtungi kwenye mrija, akausimamisha ndani ya sufuria yangu ya maji ya moto ili gesi ipate nguvu ya kutoka. Mimi nilipunguza na kuongeza maji kutoka kwenye seredani yangu ya makaa. Yeye alikuwa ameinamia kioo kidogo cha duara kilichopo kwenye mrija. Gesi ikiwa kidogo, mapovu hupita kwenye kioo hicho. Ikitosha, kioo hukaa kitupu kama hapana kitu.

Kioo kikawa kitupu. Mtungi ulikuwa umebaki nusu.

"Hii nusu tutakwenda nayo njiani," akasema.

Tulikwenda kuijaribu jua la utosini, Bwana Mabrouk akiendesha, Ame kando yake, mimi nyuma, vioo vimefungwa. Mpaka leo nakumbuka baridi ile iliponishukia kichwani. Nilitokwa na machozi kidogo ndani ya buibui, wakajifanya hawakuona. Tulipita Kiembe Samaki. Magari mawili yalitupita na mawingu yao ya vumbi, na mimi nilivuta pumzi kama mtu aliyelala. Nikaanza kupanga moyoni nguo nitakazochukua.

Tulipokuwa tunarudi, hewa ikapungua. Kwanza ilikuwa kama imechoka. Halafu ikawa nyembamba, halafu nikanyosha mkono juu nisihisi kitu. Bwana Mabrouk alisimamisha gari. Ame alifungua buti, nikamsikia anagonga mrija. Ulikuwa umefunikwa ukungu mweupe wa barafu.

"Gesi haikutosha," akasema. "Ikipungua hufanya hivi hivi." Akaufuata mtungi.

Hapo ndipo nilipotazama chini. Kabla hewa haijafa kitu kilikuwa kimenidondokea mapajani, kitu kidogo cha rangi ya kahawia, nami nikadhani ni mdudu. Nilikiokota. Kilikuwa jani la ua la asumini, limekauka kama karatasi. Nikalinusa. Lilikuwa na harufu ile ile, ya mbali.

Wapambaji wenzangu wote hulifukiza gari la harusi kwa udi. Mimi udi siuwezi, moshi wake hunikaba, ndiyo maana nilishika maua. Katika gari lile niliona kibao cha nyuma kina matundu marefu yaliyopangika, na nikagundua kwamba nikiweka asumini juu ya matundu hayo baridi ikiwa inafanya kazi, harufu inaenea gari zima. Basi kila harusi nilijaza pale mikono miwili ya asumini, na rihani, na majani ya waridi. Gari likifika kwa bwana harusi maua huwa yamepungua sana. Mimi nikidhani wanawake wa harusini wameyaokota kwa baraka, na nikifurahi.

Nilikaa na lile jani mkononi. Baridi ilikufa mwaka hamsini na saba. Mtoto wa pili wa Sichana alizaliwa mwaka hamsini na nane. Kama gari lile lingekuwa na baridi yake, nisingeishia Tunguu.

Ame alikuwa ameshaushika mfuniko wa mtungi. Nilikuwa na uwezo wa kunyamaza. Angetia gesi yote, isingefaa kitu, tungesema ni mashine tu, na hakuna mtu ambaye angejua.

"Ame, usiifungue hiyo."

"Kwa nini, bibi?"

"Matundu ya kibao cha nyuma. Yanatoa hewa au yanavuta?"

"Yanavuta. Hewa ya ndani inarudi humo kupozwa tena."

"Basi fungua hapo kwanza. Nshajua nani aliyeiua. Ni mimi."

Hawakunielewa mpaka alipong'oa kiti cha nyuma na kulifungua bati lililokuwa nyuma yake. Palikuwa na pande la barafu kama mto wa kulalia, na ndani ya barafu, tabaka juu ya tabaka, yalikuwa maua. Asumini zilizogeuka kahawia, rihani nyeusi, vipande vya utepe, hata kikuba kizima cha kubandika kifuani na pini yake. Vimeshikamana kama mkeka juu ya vile vibati vyembamba ambavyo hewa ilitakiwa ipite katikati yake. Hewa haikuwa na njia, kwa hiyo baridi ilijigandisha yenyewe pale pale.

Nilingoja wacheke, au wanikasirikie. Ame alikigusa kikuba kwa ncha ya bisibisi.

"Bibi," akasema, "humu mna harusi za miaka mitatu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini? Mafundi wawili walitia gesi wasitazame hapa, na mimi nilikuwa nakuwa wa tatu. Kioo kiliniambia gesi imetosha. Sikukiamini."

Tuliporudi nilimwambia Bwana Mabrouk mbele ya mlango wangu kuwa kosa ni langu, na kwamba nimemharibia kitu chake cha thamani. Alivua kofia akajipapasa kichwa. Alisema mkewe kwa miaka miwili amekataa gari kuuzwa, na akiulizwa sababu anasema linanukia binti zake. "Sasa najua alikuwa hasemi uongo," akasema, akaenda zake dukani.

Siku mbili tulisafisha. Barafu tuliiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu kutoka sufuria ile ile. Kisha nilichukua sindano yangu ndefu ya kutungia maua, nikakaa kwenye mkeka, nikayatoa jani moja moja katikati ya vibati, nikiogopa kuvipinda. Ame alinyosha vilivyopinda kwa kisu cha mbao alichokichonga mwenyewe. Harusi ya nani ilikuwa hii, aliniuliza kila nilipotoa utepe, nami nilizikumbuka nyingi. Tulijaza bakuli mbili. Sikuyatupa jalalani. Niliyafukia uani chini ya mwasumini wangu.

Jumatano asubuhi, Ame akiwa anakaza skrubu ya mwisho, utingo wa basi la kusini alikuja mbio akiuliza nyumba ya Bi Biasha. Alikuwa na salamu za Bi Mwatum. Uchungu umemshika Sichana tangu alfajiri, na siku zake hazijatimia.

Ilikuwa saa tano na nusu. Jua lote lilikuwa mbele yetu, na magari yote barabarani. Ame aliniuliza kama tungoje alasiri ipoe. Nilikwisha kuvaa buibui. Akatia mtungi wake wa nusu na sabuni kwenye buti, akaenda kukifunga kibanda chake, na Bwana Mabrouk akaliacha duka kwa mdogo wake.

Tangu Mwera tulikuwa nyuma ya lori la mawe. Vumbi lilisimama kama ukuta. Vioo vilikuwa vyeupe, Bwana Mabrouk akaendesha kwa kufuata mlio wa lori, na mimi nyuma nilikuwa kwenye baridi yenye harufu ya chuma kibichi na, kwa mbali kabisa, asumini. Nilikuwa nikivuta pumzi na kuitoa, nikivuta na kuitoa, nikingoja pumu inifunge kifua kama kamba. Haikuja. Tulipopita Tunguu nilisogeza pazia nikalitafuta lile duka, nikamwombea mwenyewe.

Kabla ya Kitogani gari likachemka. Mashine ya baridi huitwisha injini mzigo, alisema Ame, na rejeta ni kuukuu. Hapakuwa na hila, ikabidi injini izimwe, na ikizimwa na baridi inakufa. Wakashuka haraka wakaufunga mlango. Niliwaona kwa kivuli wakifungua boneti.

Joto lilikuja upesi. Kwanza uso, kisha mgongo. Lori jengine likapita, na safari hii vumbi likaingia, kidogo tu, kwenye nyufa za mlango. Kamba ikajifunga kifuani. Nilijua kwamba nikishindwa pale watanirudisha, na nikaapa kuwa sirudi, nitafika hata kama ni kwa kubebwa kwenye kitanda. Nilifunika mdomo kwa kanga nikavuta hewa kwa vipimo vidogo vidogo.

Wanawake wanne walikuwa wanatoka kisimani na ndoo za maji vichwani. Mmoja aliwauliza wanaume wale, kwa sauti ya ukali niliyoisikia ndani, ikiwa wana akili, kumfungia mtu mzima ndani ya gari juani. Ame alimweleza kila kitu: pumu, vumbi, mtoto anayezaa Kizimkazi. Yule mwanamke alitua ndoo yake. Akatazama barabara, akatazama gari. Kisha akaishika ndoo kwa mikono miwili akayamwaga maji yote chini, ubavuni mwa gari.

Wenzake wakamwangalia tu. Msimu ule kisima kilikuwa mbali na maji yake yalikuwa ya kungojewa. Halafu wa pili akamwaga upande wa pili, na wa tatu nyuma. Ya wa nne walimpa Ame kwa ajili ya rejeta. Vumbi lililala. Walipoufungua mlango wangu hewa iliyoingia ilikuwa na harufu ya mvua.

Nikakaa mguu mmoja nje mpaka kifua kilipofunguka. Nilimuuliza yule wa kwanza jina lake.

"Kidawa," akasema. "Nenda kwa mwanao, bibi. Sisi njia ya kisima tunaijua."

Tuliingia Kizimkazi baada ya alasiri. Ame alilowesha kanga akaninyoshea, nikajifunika pua, nikatoka garini mpaka mlangoni bila kuvuta pumzi mbili. Bi Mwatum alinipokea kwa macho tu. Sichana alikuwa amekaa kwenye mkeka, jasho linamtoka, amegeukia ukuta.

"Sichana."

Aligeuka. Alinitazama kama mtu asiyeamini macho yake.

"Mama? Umekujaje?"

"Nimekuja na barabara."

"Na vumbi?"

"Vumbi limebaki nje."

Nilikaa nyuma yake, nikamwegemeza mgongo kifuani pangu, kifua kile kile. Akanishika mikono, na hakuiachia tena. Alinibana mpaka pete yangu ikanikata, na nilifurahi kuwa ananibana mimi na si nguzo ya kitanda. Jua lilipokuwa linazama mtoto akatoka, wa kike, mdogo kama njiwa, kimya. Bi Mwatum alimpindua, akamsugua mgongo, akampuliza puani. Mimi nilizuia pumzi yangu kana kwamba naweza kumpa.

Kisha akalia, sauti nyembamba yenye hasira. Nje, Bwana Mabrouk na Ame waliokuwa wameketi kando ya gari wakaisikia, na nikamsikia Ame anamshukuru Mungu kwa sauti.

Bi Mwatum alimfunga kwa kanga akanipa mimi kwanza. Kifua chake kilipanda na kushuka mkononi mwangu. Nilimhesabia pumzi mpaka nikachoka kuhesabu, na nilikuwa nikimhesabia siku ya nne, na ya tano, na ya sita. Siku ya saba Sichana alimpa jina, Kidawa, la mtu ambaye yeye hajamwona.

Nilikaa arubaini nzima. Nilimkanda mwanangu kwa maji ya moto, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamwogesha mtoto. Siku hizo zilipokatika, Ame na Bwana Mabrouk walikuja kunichukua, mimi na Sichana na Kidawa, tukapumzike mjini. Masika yalikuwa yameshaingia. Mvua ilinyesha usiku kucha na barabara ilikuwa imelowa na imelala, hakuna hata chembe inayoruka.

Ame alifungua boneti akatazama kioo chake kidogo, kilikuwa kitupu. Aliuambia mtungi wa nusu kwamba umepata safari ya bure mara mbili. Kisha akanigeukia, mkono uko kwenye swichi, akaniuliza kama aiwashe baridi.

"Iache ipumzike," nikamwambia. "Teremsheni vioo."

Tulipofika Kitogani nilimwomba Bwana Mabrouk asimame kisimani, tumuulizie Kidawa mkubwa. Nilikuwa na kikuba cha asumini nilichokitunga asubuhi ile, na nilikuwa nimekiweka mapajani, si kwenye kibao cha nyuma.